Amechomwa, damu inamtoka: mwongozo wa saa ya kwanza kwa kituo cha afya na hospitali ya wilaya

Mwongozo huu nawaandikia wauguzi, maafisa tabibu na madaktari wanaokaa zamu ya usiku peke yao. Mpasuaji yuko nyumbani kwake au yuko wilaya ya jirani, benki ya damu ni jokofu moja lenye uniti nne, na majeruhi kaletwa kwa bodaboda. Majeraha ninayoyazungumzia ni ya kupenya: kisu, mshale, mkuki, risasi, nondo ya ujenzi, pembe ya nyati. Tundu la nje laweza kuwa dogo kuliko sarafu, na ndani mtu anaisha.

Kuna kazi tatu tu: kuziba panapovuja, kurudisha damu kwa damu, na kumfikisha mgonjwa kwa mpasuaji. Kila unalotaka kumfanyia, jiulize linasaidia ipi kati ya hizo. Kama halisaidii hata moja, lisubiri.

Kabla hajafika kwenu

Sehemu hii wafundisheni bodaboda, wenyeviti wa vitongoji, walimu na askari wa mgambo, kwa sababu wao ndio wa kwanza kumfikia.

Kwanza angalia usalama wako. Mwenye kisu anaweza kuwa bado yupo. Kisha kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kanga au shati, kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako wote. Usifunue kila mara kuchungulia kama damu imekata. Hesabu dakika kumi kwa saa. Ukifunua kabla, unang'oa donge la damu lililokuwa linaanza kuziba.

Kitu kilichobaki mwilini, kiwe kisu, mshale au nondo, kisichomolewe. Mara nyingi hicho hicho ndicho kizibo cha mshipa uliokatika. Zungushia vitambaa pande zote kisitikisike, kama ni kirefu kikatwe nje, na mtu aje nacho kama kilivyo. Unga, majivu, kahawa, sukari na mafuta ya taa visiwekwe kwenye jeraha. Mgonjwa asipewe chai wala maji, hata akilia kiu. Na atalia kiu, kwa sababu anayepungukiwa damu hukaukwa koo.

Mkono au mguu unaoruka damu funga tonike, yaani mkanda wa kubana. Uweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiuweke kwenye goti wala kiwiko. Kama hakuna mkanda wa kiwandani, tumia kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, funga fundo, weka kijiti imara juu yake, funga tena, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome kabisa. Kamba ya katani, waya na mpira mwembamba hukata nyama na havizibi mshipa. Mgonjwa atalia kwa maumivu, na hiyo si dalili kwamba umekosea. Tonike iliyolegea ni mbaya kuliko kutofunga, maana inazuia damu inayorudi moyoni huku ikiruhusu inayotoka. Andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu ya wino, na usiilegeze njiani "ili mguu upumue."

Halafu usafiri. Huko Philadelphia, Marekani, kwa miaka mingi polisi wamekuwa wakiwabeba majeruhi wa risasi na visu kwenye magari yao ya doria bila kungoja ambulensi, na uchunguzi haukuonyesha kwamba waliobebwa hivyo walikufa zaidi. Huku kwetu somo lake ni hili: gari la kwanza lenye mafuta ndilo ambulensi. Pigeni 112, lakini kama kuna Noah barabarani, msiikatae mkisubiri king'ora. Na kama kuna bodaboda tu na mgonjwa ana fahamu, aketi katikati, wa nyuma amshike na aendelee kukandamiza.

Mnapopata simu kwamba anakuja

Gawaneni kazi kabla hajafika. Mmoja damu inayoonekana, mmoja njia ya hewa na oksijeni, mmoja kanula (mrija mdogo wa mshipani) na sampuli, mmoja kuandika na kutazama saa. Kama mko wawili, mhudumu wa usafi au mlinzi anaweza kufundishwa kukandamiza jeraha kwa glavu, na anaweza sana. Zimeni feni, fungeni dirisha, tandikeni blanketi kavu. Mtu wa maabara aamshwe sasa hivi.

Vaeni glavu, aproni na miwani. Haraka haimkingi mtu na virusi vya ukimwi wala homa ya ini B.

Hatua ya kwanza: damu unayoiona

Zamani tulifundishwa kuanza na njia ya hewa. Kwa majeruhi anayeruka damu, anza na damu. Mshipa wa paja ukikatika, dakika tatu zinatosha kummaliza.

Kandamiza moja kwa moja. Kama jeraha lina kina kirefu na damu inatoka chini kabisa, shindilia shashi ndani: kunja ncha, ipeleke kwa kidole mpaka pale unapohisi damu inasukuma, ongeza nyingine juu yake mpaka tundu lijae na kupita usawa wa ngozi, kisha kandamiza dakika kumi. Hapa watu huogopa, huweka shashi mbili juu juu na plasta. Shashi iliyolala juu ya ngozi inanyonya damu tu; inayozuia ni ile iliyogusa mshipa. Usishindilie shashi kwenye tundu la kifua wala tumbo, kwa sababu humo hakuna kitu cha kukandamizia na zitapotea ndani.

Kinena, kwapa na shingo haviwezi kufungwa tonike. Kwa jeraha jembamba la maeneo hayo, katheta ya Foley tunayotumia kwa mkojo inaokoa maisha, na madaktari wa Afrika Kusini wameitumia sana kwa majeraha ya visu shingoni. Ingiza katheta namba 18 au 20 kwenye tundu lenyewe, jaza puto kwa maji safi taratibu, mililita 5, kisha 10, hata 15, mpaka damu isimame. Bana mdomo wa katheta kwa foseps (koleo la upasuaji) ili damu isipite katikati yake, kisha shona ngozi kuizunguka. Muache hivyo hivyo mpaka mezani kwa mpasuaji.

Tonike iliyofungwa huko nje ikague: bado damu inavuja? Ongeza ya pili juu ya ya kwanza. Ikiwa muda ni chini ya saa mbili na mgonjwa hana mshtuko wa damu (mwili kuishiwa damu ya kuzunguka), jaribu kuibadilisha kwa shashi iliyoshindiliwa na bandeji ya kubana. Zaidi ya saa mbili, zungumza na mpasuaji kwanza. Zaidi ya saa sita, usiiguse. Ni ya thieta, yaani chumba cha upasuaji.

Hatua ya pili: njia ya hewa

Msemeshe. "Kaka, unaitwa nani? Nini kimetokea?" Akijibu sentensi nzima kwa sauti yake, njia iko wazi na ubongo unapata damu ya kutosha kwa sasa. Akikoroma, akigugumia kama mwenye maji kooni, au sauti ikibadilika huku shingo inavimba, una dakika chache.

Nyonya damu mdomoni, inua taya. Aliyekatwa usoni au taya limevunjika usimlazimishe kulala chali. Mwache aketi ameinama mbele, damu imwagike nje isimwendee kifuani. Nimeona mgonjwa anayepigana na wauguzi wanaomlaza, wakasema kalewa. Alikuwa anazama kwa damu yake mwenyewe.

Kola ya shingo usimvishe mwenye jeraha la kisu au risasi shingoni asiye na dalili za kupooza. Inaficha damu inayovimba na inachelewesha kila kitu, na kwa majeraha ya kupenya faida yake haijaonekana.

Kuweka mrija wa hewa ni jambo la kutafakari mara mbili. Mgonjwa aliyeishiwa damu anashikiliwa na mishipa iliyojikaza. Ukimpa dawa ya usingizi kipimo kamili, mishipa inalegea na moyo unasimama mkononi mwako. Anza damu kwanza kama hewa inapita. Ukilazimika, tumia ketamini nusu ya kipimo, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, na afanye yule mwenye mkono mzoefu kuliko wote mliopo. Ukimpulizia, pulizia taratibu.

Hatua ya tatu: kifua

Kata nguo zote. Geuza mgonjwa, tazama mgongo, kwapa, chini ya matiti, kati ya makalio, msamba. Hesabu matundu na yaandike. Wanaotuponyoka wengi ni wale wenye tundu la pili mgongoni ambalo hakuna aliyeligeuzia macho. Kumbuka pia kwamba mtu akitoa pumzi, kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hupanda hadi karibu na usawa wa chuchu. Jeraha lolote kati ya chuchu na ukingo wa mbavu lichukulie kuwa ni la kifua na tumbo mpaka ithibitike vinginevyo.

Tundu linalovuta hewa na kutoa mapovu lifunike kwa nailoni safi, uibandike pande tatu na uache wa nne wazi. Hewa itoke, isiingie. Kisha andaa mrija wa kifua upitie tundu jingine, si lile la kisu.

Hewa iliyonaswa na kubana moyo usiisubirie picha ya eksirei. Anahema kwa shida, upande mmoja hausikiki na ukigonga unalia kama debe tupu, presha inashuka, mishipa ya shingo labda imejaa. Nasema labda, kwa sababu aliyekwisha kupoteza damu hana cha kujaza mishipa hiyo. Choma sindano nene na ndefu nafasi ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, ukipita juu ya ubavu wa chini. Kwa mtoto, nafasi ya pili chini ya katikati ya mtulinga. Kanula ya kawaida ya namba 14 kwa mtu mwenye kifua kinene haifiki. Kama hujasikia hewa na hali haijabadilika, chana ngozi hapo hapo, penya kwa foseps, ingiza kidole. Utasikia hewa ikitoka, na mapafu yatakugusa kidole yakifunguka.

Mrija wa kifua namba 28 hadi 32 uunganishe na chupa yenye maji, chupa ikae chini ya usawa wa kifua. Usiubane mrija wakati wa safari. Damu ikitoka mililita 1,500 kwa mkupuo, au ikiendelea mililita 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, huyo ni wa kufunguliwa kifua. Damu hiyo ya kifuani, ikiwa mbichi na tumbo halijaguswa, inaweza kukusanywa kwa usafi kwenye mfuko wa damu wenye dawa ya kuzuia kuganda, ikachujwa na kurudishwa kwake mwenyewe. Mahali penye uniti nne jokofuni, jambo hili linafaa kufanyiwa mazoezi mchana kabla ya usiku wake kufika.

Tundu likiwa kati ya chuchu mbili, kuanzia mtulinga hadi chembe ya moyo, fikiria moyo. Kama mnayo altrasaundi, weka hapo kwanza: damu nyeusi kuzunguka moyo na presha inayoshuka maana yake thieta sasa. Kuvuta kwa sindano kunanunua dakika chache tu, na mara nyingi damu imekwisha kuganda.

Hatua ya nne: mzunguko wa damu, na kosa langu

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni kazini, nilipokea kijana kachomwa kisu chini ya mbavu za kushoto. Presha 70 kwa 40. Nilifungua dripu mbili kwa kasi zote. Lita mbili zilipoingia presha ikafika 110, nikatoka nje nikamwambia mjomba wake, "Mzee, anarudi." Nilikuwa namaanisha. Niliporudi ndani, shashi iliyokuwa imekauka na kuwa nyeusi juu ya tundu ilikuwa inalowa upya, na damu iliyotoka safari hii ilikuwa nyepesi, rangi ya juisi ya rosela. Nikaongeza lita nyingine mbili. Nilichukua kidogo nikaweka kwenye chupa ya kioo kavu. Dakika ishirini baadaye niliinamisha chupa na damu ikateleza kama maji. Alifariki gari la rufaa likiwa limewashwa.

Baadaye nilisoma uchunguzi uliofanywa Houston, Marekani, ukachapishwa mwaka 1994. Wagonjwa 598 waliochomwa au kupigwa risasi kiwiliwili na presha imeshuka: wale waliozuiliwa maji ya dripu mpaka wafike thieta walipona asilimia 70, na waliopewa mapema asilimia 62. Maji hupandisha presha, presha hung'oa donge, hupunguza vigandishi vya damu, hupoza mwili, na damu iliyopoa haigandi. Kila kitu nilichokiona usiku ule kilikuwa kimekwisha kuandikwa.

Kwa hiyo fanya hivi.

Usisubiri presha ishuke ndipo uamini. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu kama lita 4.2, na anaweza kupoteza zaidi ya lita moja presha yake bado inapendeza, hasa akiwa kijana. Tazama mapigo ya mbio, vidole vya baridi, jasho jembamba, wasiwasi na kujitupa kitandani. Anayesema "nakufa" mwamini.

Weka kanula mbili nene, ya kijivu au ya kijani, kwenye mikono. Kama jeraha ni la tumbo, usiweke mguuni. Mishipa ikikataa mara mbili, nenda kwenye mfupa, chini kidogo ya goti au begani. Unapoweka kanula chukua damu ya kupima kundi na krosimachi (kulinganisha damu yake na ya mtoaji) hapo hapo, na kwa mwanamke pima ujauzito.

Asidi ya traneksamiki, TXA tunavyoizoea, gramu 1 ipite ndani ya dakika kumi, kisha gramu 1 nyingine kwa saa nane. Kwa mtoto, miligramu 15 kwa kilo, isizidi gramu 1. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2010 wenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Ni dawa ya bei ya chini isiyohitaji jokofu. Lakini mwisho wake ni saa tatu tangu kuumia. Baada ya hapo inaweza kuongeza vifo vya kutokwa damu. Ndiyo maana muulize aliyemleta, "Shemeji, aliumia saa ngapi?" na andika jibu lake.

Damu. Kama mnayo damu nzima, hiyo ndiyo bora kwa mgonjwa huyu, kwa sababu ina vigandishi vyake. Kama hali hairuhusu kusubiri krosimachi, toa kundi O: hasi kwa msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa ikiwepo, chanya kwa wanaume. Baada ya uniti ya kwanza mpe kalsiamu, mililita 30 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 taratibu mshipani, na tena kila baada ya uniti nne, maana dawa inayohifadhi damu inamaliza kalsiamu mwilini na bila hiyo damu haigandi na moyo unadhoofu. Usichovye mfuko wa damu kwenye maji ya moto, seli zitapasuka. Mpashe joto mgonjwa mwenyewe.

Ndugu waliokaa kwenye benchi nje ndio benki yenu ya pili. Waambieni mapema, kwa heshima, kwamba wenye afya, umri wa miaka 18 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 50 wakapimwe. Damu yao ipimwe ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende kama ilivyo taratibu ya damu salama. Uniti moja ni mililita 450, na ndugu wanne wanatosha kubadilisha usiku.

Wakati damu inatafutwa, maji ni ya kusogeza muda tu: mililita 250 kwa mara moja, kisha pima. Lengo ni mapigo ya kifundo cha mkono yasikike na akujibu unapomsemesha, presha ya juu 80 hadi 90. Mkifika hapo, fungeni dripu. Kwa mtoto, mililita 10 kwa kilo. Mwenye jeraha la kichwa ni tofauti: ubongo uliojeruhiwa hauvumilii presha ndogo, shikilia 110. Na mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni, mlaze ameinamia kushoto, mfuko wa uzazi usikandamize mshipa mkubwa.

Moyo ukisimama, kukandamiza kifua hakusukumi kitu kwenye mishipa mitupu, wala adrenalini. Kwanza: hewa ipite, kifua kitobolewe kwa kidole pande zote mbili kama katika hatua ya tatu, damu iingie kwa kasi. Kupasua kifua papo hapo ni kwa mahali penye mpasuaji na mgonjwa aliyepoteza mapigo dakika chache tu zilizopita.

Hatua ya tano: mengine, kwa haraka

Angalia fahamu, mboni za macho, kama anasogeza miguu, na sukari ya damu. Mfunike. Mgonjwa wa damu aliyelala uchi chini ya feni anapoa hata Tanga mwezi wa Februari.

Maumivu: ketamini miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, taratibu. Kinga ya pepopunda. Seftriaksoni gramu 2 mshipani, na metronidazoli miligramu 500 kama tumbo limetobolewa. Utumbo uliotoka nje usiurudishe. Ufunike kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na nailoni safi juu yake, na uiloweshe tena njiani.

Mshale unahitaji neno la peke yake. Wenye ndoana ukiuvuta unarudi na nyama na mshipa. Na katika maeneo yetu bado ipo sumu ya mti wa msunguti, ambayo hushika moyo. Majeruhi wa mshale ambaye ana mshtuko lakini mapigo yake ni ya polepole au yanaruka ruka, fikiria sumu, weka mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo kama ipo, na andaa atropini.

Hatua ya sita: thieta au rufaa

Amua ndani ya dakika kumi na tano. Jeraha la tumbo lenye presha iliyoshuka, tumbo gumu kama ubao, au utumbo nje, halihitaji picha wala kuchunguzwa kwa kijiti kujua limeingia kiasi gani. Linahitaji kufunguliwa. Ambaye presha yake imetulia na tumbo ni laini anaweza kuangaliwa kwa saa 24, mkono uleule ukimgusa tumbo kila baada ya saa chache.

Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na tangu hapo wataalamu wameongezeka. Lakini kutoka vituo vingi, hospitali ya rufaa iko saa tatu, nne, na mvua ikinyesha ni sita. Mgonjwa anayevuja ndani ya tumbo hana saa nne. Madaktari wasaidizi ndio waliobeba upasuaji wa wilayani kwa miaka mingi, na mkono unaofungua tumbo kumtoa mtoto unaweza kufungua tumbo la majeruhi: jaza taulo kubwa za upasuaji pembe zote nne, bana au funga mshipa unaoonekana, funga utumbo uliotoboka kwa uzi bila kuunganisha, hesabu taulo na kuandika idadi, funga ngozi, kisha mpeleke. Naamini kabisa kwamba kufanya hivyo na kumsafirisha akiwa hai ni bora kuliko kumsindikiza akivuja. Zungumzeni mapema na mpasuaji wa mkoa ili akubali kuwaongoza kwa simu.

Simu ya rufaa iwe fupi. "Dokta, shikamoo. Ni afisa tabibu wa zamu. Nina mwanamume wa miaka 25, kachomwa kisu tumboni saa tatu usiku. Presha 85, mapigo 130, utumbo umetoka. Kapata TXA saa nne na dakika kumi, uniti moja ya damu, ya pili inaingia. Kundi lake ni B chanya. Tunaondoka sasa, tutafika saa sita." Kisha muuguzi apande naye, akiwa na oksijeni, damu iliyobaki kwenye kisanduku cha baridi, shashi, na namba ya yule daktari.

PF3, nguo, na boksi

Tibu kwanza, fomu baadaye. Mgonjwa asirudishwe kituo cha polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, huku anavuja. Mpigieni askari aje nayo. Wenzetu wa Kenya wameliandika ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Ukikata nguo, usipitishe mkasi kwenye tundu la kisu au risasi. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki damu mbichi huoza. Katika faili andika mahali, urefu na umbo la jeraha. Usiandike "risasi iliingia hapa ikatokea pale" kwa kukisia. Andika matundu mawili, na vipimo vyake. Alichosema mgonjwa kiandike kwa maneno yake.

Kabla ya kuvua aproni, jaza boksi la mlangoni: tonike mbili, shashi paketi kumi, bandeji pana, katheta za Foley mbili, kanula za kijivu na kijani, TXA gramu 2, kalsiamu, ketamini kutoka kabati la kufuli, mrija wa kifua, kalamu ya wino. Tonike iliyokwisha kutumika usiirudishe humo. Kama hakuna mpya, andika kwenye daftari la makabidhiano, ili sista wa zamu ya asubuhi asije akaitafuta mgonjwa akiwa tayari mezani.